Mekatilili na Mzigo wa Kukata Shauri

Miaka kadhaa iliyopita tulikaa barazani baada ya sala ya alasiri, wanaume kumi na wanane, katika kijiji kimoja kusini ya Malindi. Mbele yetu walikuwa wageni walioleta karatasi. Walitaka tutie vidole gumba, tukubali kuondoka katika mashamba ambayo mababu zetu waliyapanda minazi. Nilijua kuwa hakuna aliyeridhika, maana usiku wa kuamkia siku ile wengi wao walikuja kwangu mmoja mmoja, wakaninong'oneza hivyo. Lakini pale barazani kila mtu alimngoja mwenzake aseme. Nami ninayejidai mtunga mashairi, ulimi wangu ulikuwa mzito kama nanga. Mzee wa kwanza akatia kidole, wa pili akamfuata, na kabla ya adhana ya magharibi tulikuwa tumekwisha sote.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza jinsi mtu anavyokata shauri. Chuoni mwalimu wetu alitufundisha vizuri: ukitatizwa na jambo taka ushauri kwa wenye busara, sali rakaa mbili za istikhara, na ukiisha kuazimia mtegemee Mola wako. Sina shaka na mafunzo hayo. Nililokuwa silifahamu ni vipi watu wengi, kila mmoja na hofu yake kifuani, huvuka kutoka kwenye mnong'ono hadi kwenye neno la wazi. Jibu nililipata katika maisha ya mwanamke ambaye hakuwa wa dini yetu, wala hakuwa na sababu kubwa ya kutupenda sisi watu wa mwambao. Huyo ni Mekatilili wa Menza, Mgiriama.

Msichana na Ndugu Yake

Alizaliwa katika karne ya 19 huko Mutsara wa Tsatsu, upande wa Ganze, akaitwa Mnyazi. Jina la Mekatilili alilipata baada ya kuzaa, na maana yake ni mama Katilili. Aliolewa akawa mkazi wa Lango Baya, karibu na mto Sabaki.

Wagiriama husimulia kwamba alipokuwa kijana nduguye mmoja, Mwarandu, alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, na hakuonekana tena. Wasomaji wangu, habari hii tusiipite kwa haraka. Biashara ile ilikuwa mikononi mwa watu wa pwani, na mashamba ya Malindi yalilimwa kwa jasho la watumwa hata baada ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873. Hapa kwetu utumwa wenyewe haukufutwa na sheria hadi 1907. Kwa hiyo Mekatilili alikua akijua maana ya kuchukuliwa ndugu na kutorejeshwa. Jambo hilo lilimkaa moyoni miaka mingi kabla Mwingereza hajafika mlangoni pake, na naamini kuwa nusu ya shauri lake alikwisha kulikata wakati ule.

Kuku na Vifaranga

Mwaka 1912 serikali ilimpeleka Arthur Champion kuwatawala Wagiriama. Alitakiwa akusanye kodi ya nyumba na awapeleke vijana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Aidha serikali ilitaka Wagiriama waliovuka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki warudi kusini, waiache ardhi yenye rutuba waliyokuwa wakilima.

Champion alidhani jambo ni jepesi. Mshahara upo, na asiyetaka mshahara ataogopa bunduki. Hakuelewa kwamba watu wale hawakuwa na haja naye. Walikuwa na nafaka yao, na kwa muda mrefu walikuwa wakiwauzia Waarabu na Waswahili wa Takaungu na Malindi. Mtu mwenye ghala iliyojaa hashawishiki kwa rupia chache, na mtu akiambiwa atoe kitu alicho nacho huumia kuliko anavyofurahi akiahidiwa kitu asicho nacho.

Jambo hilo Mekatilili alilionyesha bila ya hotuba ndefu. Wanasimulia kwamba katika mkutano mmoja mwaka 1913, Champion alipokuwa akitaka vijana, alimletea kuku mwenye vifaranga, akamtaka ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Mzungu alipopeleka mkono kuku alimdonoa. Kwa hasira akampiga kuku yule risasi. Wako wanaoisimulia kwa njia nyingine kidogo, lakini shabaha ni moja. Kila mama aliyekuwapo alijiona katika kuku yule, na kila mama alifahamu kwamba lililokuwa likiulizwa si habari ya mshahara tena. Swali liligeuka: je, utamtoa mwanao?

Anayeweza kuligeuza swali amekwisha kuligeuza jibu pia.

Ngoma na Kiapo

Hata hivyo ghadhabu peke yake haiwakusanyi watu. Kila Mgiriama alikuwa na hasira, na kila mmoja alikuwa na hofu vilevile: je, nikikataa mimi, jirani yangu atakataa, au nitabaki peke yangu mbele ya askari? Ni hofu ile ile iliyotukalia sisi barazani.

Mekatilili alianza na ngoma. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya maziko, na watu wakamfuata kutoka kijiji hadi kijiji. Mtu anayesita kuhudhuria mkutano wa siasa hasiti kwenda ngomani. Akifika huko huona idadi ya walio pamoja naye, na moyo hupata nguvu.

Kisha akawaita Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Huko, katikati ya mwaka 1913, yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwaapisha watu. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi, kwamba hawatamtumikia Mzungu wala kumlipa kodi. Sisi Waislamu hatuapi ila kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sitetei kiapo kile. Lakini yatazame matendo yake ndani ya nafsi. Kabla ya kiapo kila mtu aliamka asubuhi na shauri lile lile la kukata upya, na kila asubuhi hofu ilipata nafasi. Baada ya kiapo mlango ulifungwa. Aliyeapa aliwaona wenzake wakiapa, nao walimwona yeye. Hofu ya kuwa wa kwanza ikageuka kuwa hofu ya kuwa wa kwanza kuvunja.

Vijana hawakutoka. Wazee waliowekwa na serikali hawakusikilizwa tena. Serikali nayo iliitambua siri hiyo, kwani ilipotaka kuwarudisha watu katika utii haikutosheka na vitisho. Iliwataka wazee waape upya, safari hii kwa upande wake.

Njia ya Kurudi

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa Kisii, mbali kabisa magharibi ya nchi. Januari 1914 walitoroka. Mwanamke ambaye ujana ulikwisha kumpa kisogo alishika njia kwa miguu kurudi pwani, mamia ya maili, kupitia nchi za watu ambao lugha zao hakuzijua.

Hapa ndipo ninapomstaajabia zaidi. Njiani hapakuwa na umati wala ngoma. Angeweza kujificha mahali akamalizia umri wake kwa salama. Alirudi nyumbani, mahali pale pale ambapo lazima angetafutwa. Wale aliowaapisha walikuwa wameshikamana naye, na yeye alikuwa ameshikamana nao.

Gharama ilikuwa kubwa, wala si haki kuificha. Agosti 1914, siku zile Vita Kuu vilipokuwa vikianza huko Ulaya, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mapigano yakafuata, watu wengi wakauawa na nyumba nyingi zikachomwa. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, na wakatakiwa watoe watu 1,000 wawe wapagazi wa vita. Mekatilili alikamatwa tena akahamishwa. Yamkini wako waliojuta na kusema kwamba kiapo kiliwazuia kurudi nyuma wakati ambapo kurudi nyuma kulikuwa na busara. Mlango uliofungwa humzuia adui, na humzuia mwenye nyumba pia.

Lakini serikali haikuweza kuwazuia Wagiriama kusini ya Sabaki kwa muda mrefu. Baada ya miaka michache walianza kurudi kaskazini, na hadi leo wako huko. Mekatilili aliachiliwa mwaka 1919, akarejea na kuishi kaya, akisikilizwa na wanawake wenzake. Alifariki mwaka 1924, na kaburi lake liko Bungale, katika Magarini. Mjini Malindi sanamu yake imesimama katika bustani iliyopewa jina lake.

Mara kwa mara nikitoka msikitini hupita bustanini pale, nikakumbuka alasiri yetu. Sisi hatukukosa akili wala hatukukosa ukweli. Tulikosa mtu mmoja wa kuinuka na kulisema kwa sauti lile ambalo kila mmoja wetu alikwisha kulisema kwa mnong'ono. Mtu huyo angeweza kuwa mimi. Minazi ile imekwisha kukatwa, na nikiambiwa leo kwamba jambo fulani wote wameliridhia, huuliza kwanza ni nani aliyepewa nafasi ya kukataa.