Habib Swaleh wa Lamu: Mahaba Yaliyoshuka Langoni

Jina lake ni Sayyid Swaleh bin Alawy Jamalilleyl, lakini watu wa Lamu humwita Habib Swaleh. Neno habib, lenye asili ya Kiarabu na maana ya mpenzi, ni lakabu ya masharifu wa Alawiyya wenye asili ya Hadhramaut. Wengi huirithi pamoja na nasaba. Kwake yeye iliafiki mwenendo.

Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akafika Lamu angali kijana na kupokewa na jamaa wa ukoo wake. Lamu aliyoikuta ilikuwa mji wa matabaka. Waungwana wa Mkomani, wenye majumba ya mawe na mashamba ya bara, ndio waliohodhi elimu ya dini, nayo ilikuwa sehemu ya uungwana wao. Mgema na mtumwa walihitajika minazini na mashambani. Darasani hawakuwa na nafasi.

Kwa nasaba yake, Habib Swaleh angeweza kuketi na waungwana hao hadi mwisho wa umri wake. Badala yake aliteremka Langoni, upande wa kusini wa mji, akaishi na wageni, maskini na watumwa. Aliwatibu, akala nao, akawasomesha. Tasawwuf ya Alawiyya hufunza kwamba mapenzi ya Mwenyezi Mungu hupitia katika mapenzi ya Mtume, na kwamba mwenye kumpenda Mtume hana budi kuupenda umma wake. Maneno hayo hata waliompinga waliyajua kwa moyo. Tofauti ni kwamba yeye aliuhesabu umma huo kuanzia chini. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, baadhi ya watu wa tabaka hilo walikuwa wamekwisha kuonja elimu yake.

Upinzani haukukosa. Msikiti alioujenga aliuita Riyadha, kwa kufuata msikiti wa Seiyun wa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, mwanachuoni aliyetunga maulidi ya Simtu Durar. Maulidi hayo yalisomwa Riyadha kwa sauti za pamoja na matari, ilhali wazee wa mji walizoea Barzanji ya utulivu. Wakauliza: je, ngoma yafaa msikitini? Kwa dhahiri hilo lilikuwa suala la fikihi. Kwa batini, na hapa ndipo uzito wa kisa ulipo, lilikuwa suala la nani ana haki ya kupaza sauti kumsifu Mtume. Mtu ambaye hakujaliwa kusoma kitabu aliweza kuitikia kasida, naye kwa kuitikia akawa mshiriki kamili wa ibada. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona hapa jinsi utendaji unavyoweza kubadili cheo cha mtendaji.

Alifariki mwaka 1935, akazikwa Lamu. Wanawe, akiwemo Sayyid Ahmad Badawy, waliendeleza darasa, na wanafunzi wa Riyadha wakatawanyika pwani nzima wakifungua vyuo. Kila Mfungo Sita wageni humiminika Lamu kwa Maulidi. Zefe hupita mjini kwa matari na kasida, na waungwana na wasio waungwana huandamana pamoja kwenda kulizuru kaburi lake.