Jemadari Lettow-Vorbeck na Wapagazi

Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za Paul von Lettow-Vorbeck, aliyezaliwa mwaka 1870 katika mji wa Saarlouis. Januari 1914 alifika Dar es Salaam kuwa mkuu wa majeshi ya Wadachi. Vita Vikuu vilipoanza mwaka ule ule, Gavana Schnee alitaka nchi hii ikae nje ya mapigano, lakini jemadari alikaza kupigana, ili Waingereza wazuiliwe huku, askari wao wasipelekwe Ulaya. Novemba 1914 aliwashinda huko Tanga. Baadaye walipomzidi nguvu alirudi kusini, na Novemba 1917 akavuka mto Ruvuma.

Walioumia zaidi ni wapagazi. Katika pande zote mbili walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na vijiji vikanyang'anywa chakula.

Vita vya Ulaya vilipokwisha, jemadari aliweka silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo. Lakini nchi iligawanywa mbali, mezani. Kwa mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 Udachi ulinyang'anywa makoloni yote: Waingereza wakapata Tanganyika, Wabelgiji Ruanda na Urundi, Wareno Kionga. Wenyeji hawakuulizwa.

Lettow-Vorbeck alikufa Hamburg mwaka 1964, Tanganyika ikiwa imekwisha kujitawala. Tukimkumbuka yeye, tusiwasahau waliochukua mizigo. Wengi wao makaburi yao hayajulikani. Ila jina la Kariakoo, lililotoka katika kikosi cha wapagazi wa Waingereza, lawashuhudia hata leo.