Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere: Mjumbe Aliyekiacha Kiti Chake



Kila tarehe 14 Oktoba taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kama Baba wa Taifa na Rais wa kwanza. Sisi tuliolelewa katika milima ya Usambara tunapenda kumkumbuka kwa sehemu fupi ya maisha yake isiyotajwa sana. Ni miezi michache ya mwaka 1957, alipokuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, akaihoji serikali ya kikoloni, kisha akakiacha kiti chake kwa hiari.

Tuanze na kwetu Lushoto, maana bila kuona hali ya wananchi wa wakati ule hatuwezi kuelewa kwa nini kiti kimoja barazani kilikuwa na uzito. Mwaka 1946 serikali ilianza katika bonde la Mlalo mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na mwaka 1950 ikaupanua kuwa mpango wa Usambara nzima. Watu waliamriwa kutengeneza matuta katika mashamba ya miteremko na kupunguza malisho ya mifugo. Aliyekaidi alishtakiwa na kutozwa faini. Kazi hiyo nzito ya jembe iliwaangukia zaidi akina mama, ambao ndio waliolima chakula cha nyumbani. Amri ilipitia kwa machifu, na Simba Mwene mwenyewe, Mputa Magogo, akajikuta kati ya serikali iliyomtaka asimamie matuta na watu wake walioyachukia.

Wazee wa Kisambaa wana maneno mawili kuhusu utawala. Kuzifya shi ni kuiponya nchi, mvua inyeshe kwa wakati na watu washibe. Kubana shi ni kuiharibu nchi. Kwa mizani hiyo wananchi waliupima mpango wa matuta, wakaona kwamba mtawala anayewachosha watu na kuwatoza faini haiponyi nchi. Walilalamika, wakagoma, na wengi wakajiunga na TANU. Mambo kama hayo yalitokea pia Uluguru, ambako mwaka 1955 upinzani dhidi ya matuta ulileta ghasia Matombo na mtu mmoja akauawa.

Je, malalamiko hayo yangeulizwa wapi? Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, lakini Waafrika wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga, waliingia mwaka 1945 tu. Mwaka 1955 Baraza lilipangwa upya. Upande wa serikali ulikuwa na wajumbe 31. Upande wa pili walikuwa 30: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu wapatao elfu 20, lakini barazani walilingana. Isitoshe, wajumbe wote waliteuliwa na Gavana, na upande wa serikali ulipiga kura kwa pamoja. Hivyo swali liliweza kuulizwa vizuri na kujibiwa kwa adabu, na bado lisibadilishe kitu.

Ndani ya Baraza hilo aliingia kijana wa Butiama. Julius alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Musoma, Tabora na Makerere, akabatizwa mwaka 1943. Alifundisha St. Mary's Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952 kufundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa naye akiwa Rais wake. Mwaka huohuo alikaa kwa muda katika Baraza. Mwezi Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi ya Pugu. Wakati huo alikuwa na mke, watoto, na hakuwa na mshahara mwingine.

Mapema mwaka 1957 serikali ilimpiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Akarudi nyumbani na kufanya kazi na mapadre wa Maryknoll wa Musoma, akiwafundisha Kizanaki na kusaidia tafsiri. Ndipo Gavana Edward Twining alipomwita katika Baraza, yeye pamoja na Rashidi Kawawa. Mwaka huohuo wakuu wa idara walianza kuitwa mawaziri, ingawa karibu wote walikuwa maofisa wa kikoloni wasiochaguliwa na mwananchi yeyote.

Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 35. Hakukikataa kiti hicho. Aliingia, akasema na kupendekeza, hasa kuhusu uchaguzi uliokuwa unakuja. Sheria ilimlazimisha kila mpiga kura kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na aliyepiga kura kwa mmoja tu kura yake iliharibika. Tena haki yenyewe ya kupiga kura ilitegemea elimu, kipato au cheo. Bibi mkulima wa Mlalo aliyekuwa akichimba matuta kwa amri ya serikali hakuwa na njia ya kuichagua wala kuikataa serikali hiyo.

Mapendekezo yake yalikataliwa. Desemba 1957, baada ya kama miezi minne, alijiuzulu. Alieleza kwamba kuendelea kukaa pale kungekuwa kuwadanganya watu wake na chama chake, kwa sababu wangedhani kuna jambo linafanyika wakati halifanyiki.

Hapa tunaomba wasomaji wetu watulie kidogo. Kiti kile kilikuwa na heshima na posho, na yeye hakuwa na mali. Angeweza kubaki na kujitetea kwamba anasema kwa niaba ya wanyonge. Aliona kwamba anayesema kwa niaba ya watu anadaiwa nao ukweli, hata ukweli kwamba hasikilizwi.

Wala hakususa siasa. Januari 1958, katika mkutano wa TANU Tabora, wengi walitaka kuugomea uchaguzi wa kura tatu. Yeye, aliyeipinga sheria hiyo kuliko wote, ndiye aliyewashawishi wanachama washiriki. Safari hii angeingia barazani kwa kura za watu. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, naye akawaongoza wajumbe waliochaguliwa. Septemba 1960 alikuwa Waziri Kiongozi wa serikali ya madaraka, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Kwetu Usambara mpango wa matuta ulikuwa umeachwa tangu mwaka ule wa 1957.

Lakini maisha ya mtu hayasomwi nusu. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja, na Oktoba 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa TANU na hivyo kupoteza viti vyao. Miongoni mwao alikuwamo Joseph Kasella Bantu, mmoja wa waanzilishi wa TANU. Miaka ya sabini mamilioni ya wananchi walihamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu. Hatutaji haya ili kumshusha. Kanisa lenyewe, Jimbo la Musoma lilipofungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, halikumwita mtu asiyekosea. Tunayataja kwa sababu yeye aliyejua uchungu wa swali lisilosikilizwa alikuja kukaa upande wa wanaoulizwa, na hapo hata mtu wa sala na Misa ya kila siku hupata shida kusikia.

Na udongo wetu? Wakoloni hawakukosea kwamba ulikuwa unachukuliwa na mvua. Mwaka 1981 ulianzishwa Lushoto mradi mwingine, SECAP, uliohimiza kupanda miti na majani ya mifugo kwenye kingo za mashamba. Nchi ilihitaji kuponywa kweli. Kosa la mwaka 1950 lilikuwa kuwaamuru wakulima bila kuwasikiliza.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre hatutakwenda bungeni. Lakini tutaongoza parokia zenye halmashauri za walei, na mama mmoja wa jumuiya atasimama kuuliza michango ya mwaka jana imetumikaje. Siku hiyo tutakuwa upande wa mawaziri. Tumwombe Mungu atujalie kumjibu kwa ukweli, na kama hatuna jibu, tumwambie hivyo.

Mtumishi wa Mungu Julius, apumzike kwa amani. Amina.