Bentham: Aliyebuni gereza la duara asilopata kulijenga

JINA la Jeremy Bentham hutajwa zaidi na wanasheria na wanafalsafa kuliko wahandisi. Hata hivyo, ndiye aliyeacha wazo la gereza linalojadiliwa hadi leo kila linapozungumzwa suala la majengo ya kufungia watu.

Bentham alizaliwa London, Uingereza, Februari 15, 1748, akiwa mtoto wa mwanasheria. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Oxford akiwa na miaka 12, kisha akasomea sheria. Hakufanya kazi ya uwakili, bali alijitosa kuandika kuhusu kurekebisha sheria zenyewe.

Mwaka 1786 alifika Urusi kumtembelea mdogo wake, Samuel, aliyekuwa mhandisi. Samuel alikuwa amebuni karakana ya duara ambamo msimamizi, akiwa katikati, angeweza kuwaona mafundi wote. Bentham aliona wazo hilo lingefaa magereza, ambayo zama hizo yalijaa giza, uchafu na maradhi.

Katika gereza hilo, aliloliita Panoptikoni, vyumba vya wafungwa vilipangwa kufuata duara, ghorofa juu ya ghorofa. Kila chumba kilikuwa na dirisha upande wa nje, na nondo tu upande wa ndani. Katikati ulisimama mnara wa mkaguzi wenye vipazia. Mwanga wa dirishani ulimfichua mfungwa, ilhali vipazia vilimficha mkaguzi. Kwa kuwa mfungwa asingejua ni saa ngapi anaangaliwa, angejichunga wakati wote, na askari wachache wangetosha.

Mwaka 1794 Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu ujenzi. Bentham mwenyewe alitarajiwa kuwa mkandarasi na msimamizi, akinufaika na kazi za wafungwa. Hapo ndipo mashaka yalipozuka: nani angemchunga msimamizi? Yeye alishikilia kuwa wananchi wangeruhusiwa kuingia kumkagua mkaguzi. Jibu hilo halikutosha. Baada ya miaka mingi ya kuzungushwa, na mali yake nyingi kuteketea, mpango ulikataliwa. Mwaka 1813 alilipwa fidia ya pauni 23,000. Katika kiwanja alichokipata Millbank, kando ya mto Thames, lilijengwa gereza la mchoro mwingine, lililofunguliwa mwaka 1816.

Bentham alifariki dunia Juni 6, 1832, akiwa na miaka 84. Karibu karne moja baadaye, Cuba ilijenga gereza la Presidio Modelo, lenye majengo ya duara na mnara katikati ya kila jengo. Lilifungwa mwaka 1967, na sasa ni makumbusho.

Kwa wosia wake, mifupa yake ilivishwa nguo zake na kuhifadhiwa. Tangu mwaka 2020 imewekwa ndani ya kasha la kioo katika jengo la wanafunzi la University College London, ambako kila apitaye humtazama.