Forsskål: Aliyeipa miraa jina la kisayansi, akafia Yemen

Mmea uitwao miraa nchini Kenya uliingia katika vitabu vya sayansi kupitia kwa Peter Forsskål, mzaliwa wa Helsinki na mwanafunzi wa Linnaeus. Mwaka 1761 aliondoka na msafara wa Mfalme wa Denmark kuelekea Uarabuni. Huko Yemen aliwakuta wenyeji wakitafuna majani mabichi ya mti waliouita qat, akauandikia maelezo. Malaria ilimuua mjini Yerim Julai 1763, akiwa na umri wa miaka 31 tu.

Carsten Niebuhr, mtafiti pekee wa msafara huo aliyerejea hai, ndiye aliyechapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775, yakiwa na jina Catha. Karne mbili baadaye, mwaka 1975, kemikali inayowachangamsha watafunaji ilitambuliwa, ikaitwa kathinoni.