Bwana Holmes na Sufuria ya Dunia

Wapenzi wasomaji, najua wengine mtaniuliza kwa nini nimewaacha washairi wetu wote nikamchagua Mwingereza wa mawe. Ngojeni kwanza.

Arthur Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 kaskazini mwa Uingereza, kwa wazazi wasio na mali. Alisomea London. Akiwa kijana wa miaka 21 tu, alikuwa amekwisha kupima umri wa jiwe moja la Norway. Alilinganisha urani iliyomo na risasi inayotokana na urani hiyo ikioza polepole, akapata miaka milioni 370. Na wakati ule wakubwa wengi wa sayansi walikuwa wakisema eti dunia nzima haizidi miaka milioni 100!

Lakini elimu peke yake haijazi tumbo. Mwaka huo huo wa 1911 alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Miezi sita alizunguka asipate cha maana ila malaria. Alizidiwa mpaka habari ikapelekwa kwao kwamba ameaga dunia. Hebu fikirieni mama mzazi akiipokea habari hiyo! Kumbe mwanawe yu hai. Mwaka 1920 alijaribu tena bahati, safari hii kwenye mafuta huko Burma. Kampuni ikafilisika, na mwanawe mdogo wa miaka mitatu akafa huko kwa ugonjwa wa kuhara damu. Maskini, alirudi kwao mikono mitupu. Mwaka 1924 ndipo alipopata kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Durham.

Siku hizo kulikuwa na ubishi mkali. Mjerumani Alfred Wegener alikuwa amesema tangu 1912 kwamba mabara yote yalikuwa kitu kimoja, kisha yakaachana. Walimcheka, na kusema kweli swali lao lilikuwa la haki: ni nguvu gani iwezayo kuburuta bara zima? Wegener alifia Greenland mwaka 1930 bila jibu la kuwaridhisha. Jibu alikuwa nalo Holmes, tena lilitoka katika kazi yake ile ile. Urani ikioza hutoa joto. Sasa joto la mawe yote ya ndani ya dunia litatokaje nje?

Tazameni sufuria ya githeri jikoni. Maji ya chini yakipata moto hutanuka, kwa hiyo kikombe cha maji ya moto ni chepesi kuliko kikombe hicho hicho cha maji baridi. Yale mepesi hupanda, yale baridi na mazito hushuka kushika nafasi yao, nayo yakipata moto hupanda vile vile. Povu la maharagwe halizami. Linasukumwa tu, kutoka maji yanapopandia hadi yanaposhukia. Basi wekeni mawe mahali pa maji, na bara mahali pa povu. Hivyo ndivyo alivyoeleza Holmes katika makala yaliyochapishwa Glasgow mwaka 1931. Ila msidhani huko chini kuna uji. Ni jiwe gumu kabisa, lakini kwa joto kali na miaka mingi jiwe nalo hutambaa, sentimita chache kwa mwaka, kama ukucha unavyokua.

Wengi hawakumwamini kwa miaka thelathini hivi. Jambo ninalompendea zaidi ni kwamba hakujigamba. Katika kitabu chake kikubwa cha 1944 aliyaweka mambo hayo mwishoni, akaonya mwenyewe kwamba ni dhana tu mpaka ushahidi mwingine upatikane.

Na Afrika iliyotaka kumuua hakuisahau. Mwaka 1937 aliandika juu ya mawe ya volkano ya Bufumbira, Uganda. Mwaka 1951 akaupa jina la Msumbiji ukanda wa mawe ya kale sana unaopita Tanzania hadi kwetu Kenya. Hapa ndipo anapotuhusu sisi wa Yamumbi. Uwanda wetu wa Uasin Gishu umefunikwa na lava. Panda matatu uende Iten, usimame ukingoni, utazame Bonde la Kerio: juu ni lava hiyo, na chini yake yamejitokeza mawe ya ukanda wa Holmes. Wataalamu wengi wa leo wanasema Afrika Mashariki imeinuliwa na kupasuliwa kwa msaada wa mawe ya moto, mepesi, yanayopanda kutoka chini sana. Upande wa mashariki wa Bonde la Ufa unaachana na wenzake milimita chache kila mwaka. Tena wanaongeza kwamba kinachovuta mabara zaidi ni sakafu ya bahari iliyopoa, ikawa nzito, ikazama.

Ushahidi alioungoja ulipatikana baharini miaka ya 1960, naye angali hai. Mwaka 1964 alitunukiwa Tuzo ya Vetlesen. Akakiandika upya kitabu chake, kikafika kurasa zaidi ya 1,200, kikatoka mwaka 1965. Tarehe 20 Septemba mwaka huo huo akafariki, akiwa na umri wa miaka 75.