Tom Mboya, Rafiki wa Wanafunzi

Wengi humkumbuka hayati Tom Mboya kwa namna alivyokufa. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 38, na hata jengo la kaburi lake kisiwani Rusinga lina umbo la risasi. Naona kwamba sisi tulio katika kazi ya elimu tuna sababu nyingine ya kumkumbuka.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 karibu na Kilima Mbogo, mbali na ziwa la wazee wake, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake. Alisoma Ukambani, Yala na Mang'u, akainukia kati ya Kijaluo, Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Kwa jicho la mwanaisimu, mtoto aliyecheza kwa lugha za majirani hawaoni majirani hao kuwa wageni. Karo ilipokosekana aliacha masomo ya sekondari, akajifunza ukaguzi wa afya, kisha akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi.

Nadhani mlango uliofungwa mbele yake ndio uliomfundisha kuwafungulia wengine. Mwaka 1959 nafasi za chuo kikuu kwa Waafrika zilikuwa haba mno. Mboya alizunguka Marekani akihutubia na kuomba nafasi za masomo, na Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na vijana 81. Huku nyumbani jamaa na wanakijiji walichanga walichokuwa nacho. Mwaka 1960 wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kufikia mwaka 1963 walikuwa wamesafiri vijana karibu 800 kutoka Kenya na nchi jirani. Mmoja wao, Wangari Maathai wa Nyeri, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Wapo waliomshutumu Mboya kwa kuwa karibu mno na Wamarekani. Hoja hiyo yafaa kujadiliwa, lakini haifuti ukweli kwamba aliwasaidia watoto wa watu ambao hawakuwa ukoo wake wala wapiga kura wake.

Hapo ndipo penye funzo. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo wala si utajiri. Siku hizi tumezoea kumwita mkarimu yule agawaye noti mbele ya umati, na msaada wa karo mara nyingi hufuata jina la ukoo kabla ya alama za mtihani. Noti huisha kabla jua halijatua. Elimu ya vijana wale ilijenga vyuo, hospitali na wizara za taifa changa.

Hapa Kisumu, chuo cha wafanyakazi kilipewa jina lake. Mwalimu atakayewaeleza wanafunzi kisa cha jina hilo asikomee kwenye risasi. Awaulize pia ni nani kijijini mwao aliyeacha masomo kwa kukosa karo, na watamfanyia nini.